Nani anagawa anwani za IP ofisini kwako? Mwongozo kamili wa kusimamia DHCP kwa usalama

Jumatatu moja saa mbili na robo asubuhi, katika ofisi niliyokuwa nasimamia mtandao wake, simu ya mezani kwangu ililia na haikunyamaza mpaka saa tano. Malalamiko yenyewe yalikuwa ya ajabu. Watu wawili wamekaa bega kwa bega, mmoja anafungua mfumo wa malipo bila shida, mwenzake hapati chochote. Tukawapigia watoa huduma wa intaneti, wakasema kwao kuko sawa. Tukazima swichi ya mtandao (kifaa kinachounganisha kebo za kompyuta zote) ya ghorofa ya kwanza tukaiwasha tena, na hapo ndipo hata waliokuwa wazima wakakatika.

Kijana aliyekuwa mafunzoni kwetu ndiye aliyeuliza swali la maana: kwa nini kompyuta hii ina anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao) 192.168.1.104 na ya jirani ina 10.20.10.57? Tukafuata kebo. Chini ya meza ya mapokezi, nyuma ya kapu la takataka, kulikuwa na ruta ndogo ya nyumbani. Mwenzetu mmoja aliileta Jumamosi ili apate Wi-Fi ya simu yake. Kebo ya ukutani aliichomeka kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani) badala ya lile la WAN (la kuelekea intaneti), basi ruta ile ikaanza kugawa anwani kwa ghorofa nzima. Walioacha kompyuta zikiwaka tangu Ijumaa walibaki na anwani zao za zamani, waliowasha asubuhi wakaokota za ruta.

Siku ile nilishukuru kwamba ni mwenzetu tu, na kwamba ruta yake haikuwa na intaneti. Angekuwa mwizi anayejua kazi yake, mtandao ungefanya kazi kama kawaida, simu yangu isingelia hata mara moja, na kila nywila isiyolindwa ingepita mkononi mwake kwanza. Ndiyo maana naandika hatua hizi kwa urefu. Ofisi nyingi zina ukuta wa moto (firewall) wa bei kubwa mlangoni, lakini ndani, kazi ya kugawa anwani, iitwayo DHCP, imeachwa wazi kwa yeyote atakayewahi kujibu.

Hatua ya 1: Elewa mazungumzo yenyewe

Kompyuta ikiwashwa haina anwani, na haimjui mtu wa kumwomba. Inachoweza ni kuita kwa sauti ili kila aliye kwenye mtandao ule asikie. Kwa maneno ya kawaida mazungumzo huenda hivi:

Kompyuta: Jamani, nani anagawa anwani humu?
Seva: Mimi hapa. Chukua 10.20.10.57. Lango lako ni 10.20.10.1, DNS yako ni 10.20.99.10, utakaa nayo masaa 8.
Kompyuta: Wote mnisikie, nimekubali ya huyu aliyenipa 10.20.10.57.
Seva: Sawa, imeandikwa kwa jina lako.

Lango ni ruta ya kutokea nje ya mtandao wako, na DNS ni seva inayogeuza majina kuwa anwani. Seva husikiliza kwenye poti ya UDP namba 67 na kompyuta kwenye 68 (hizi ni namba za milango ya programu, si matundu ya swichi). Utaratibu huu ndio DHCP, uliowekwa katika waraka wa viwango vya intaneti RFC 2131 wa Machi 1997, nao ulijengwa juu ya utaratibu wa zamani uitwao BOOTP wa mwaka 1985. Chunguza tena mazungumzo hayo: hakuna mahali ambapo kompyuta inauliza "wewe nani amekupa kazi hii?" Mwaka 2001 ulitoka waraka wa kuongeza uthibitisho, RFC 3118, lakini karibu hakuna anayeutumia. Kwa hiyo mpaka leo kompyuta humsikiliza anayewahi. Na ruta ya nyumbani huwahi mara nyingi, kwa sababu iko jirani, na kwa sababu seva nyingi za ofisini huchunguza kwanza kama anwani iko huru kabla ya kuitoa.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba anwani haitolewi moja kwa moja, huazimwa. Nusu ya muda ikifika, kompyuta humrudia seva yuleyule ikiomba kuongezewa. Asipojibu, ikifika asilimia 87.5 ya muda, kompyuta huita tena kwa wote. Kwa azima ya masaa 8, hiyo ni saa ya nne na saa ya saba. Ndiyo sababu mgawaji bandia haangushi ofisi yote kwa mkupuo. Anawaokota watu mmoja mmoja, kadiri wanavyowasha mashine au swichi inavyozimwa na kuwashwa, kama tulivyojifanyia wenyewe Jumatatu ile.

Hatua ya 2: Chora mpango wa anwani kwenye karatasi

Kabla ya kugusa seva, kaa na karatasi. Anwani za ndani hazihitaji kibali cha mtu. Zilitengwa na RFC 1918 mwaka 1996: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16 (namba baada ya mkwaju huonyesha ukubwa wa fungu; ikiwa ndogo, fungu ni kubwa). Ushauri wangu ni kukimbia 192.168.0.x na 192.168.1.x, kwa sababu ruta nyingi za nyumbani hutoka kiwandani nazo. Mfanyakazi akijiunga kwa VPN (njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti) akiwa nyumbani, mitandao miwili yenye namba moja itagongana. Faida nyingine ni kwamba mgawaji bandia akitokea, utamtambua kwa namba zake tu.

Kwa ofisi ya watu kama 200, mpango unaweza kuwa hivi (VLAN ni mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi zilezile):

10.20.10.0/24 – kompyuta za wafanyakazi (VLAN 10)
10.20.20.0/24 – simu za mezani (VLAN 20)
10.20.30.0/24 – printa na skana (VLAN 30)
10.20.40.0/24 – kamera na mashine za mahudhurio (VLAN 40)
10.20.50.0/23 – Wi-Fi ya wageni (VLAN 50)
10.20.99.0/24 – seva na usimamizi wa swichi (VLAN 99)

Namba ya tatu ya anwani ilingane na namba ya VLAN. Inaonekana ni jambo dogo, lakini saa sita usiku ukisoma 10.20.40.12 unajua papo hapo kwamba hiyo ni kamera, na kama inajaribu kufikia seva ya mishahara unajua kuna jambo.

Ndani ya kila fungu, acha anwani za mwanzo, tuseme .1 mpaka .29, nje ya ugawaji kwa ajili ya lango na vifaa vya kudumu. Printa na kamera usiziandikie anwani kwa mkono kwenye kioo chao. Zitengee anwani kwenye seva kwa kufuata anwani ya MAC (namba ya kiwandani ya kila kifaa), nazo ziombe kama wengine. Sababu yake itaonekana kwenye hatua ya 6, na ni sababu nzito.

Mpango huo uingie kwenye daftari moja linalotambulika na wote. Jedwali la Excel linatosha kuanzia. Ofisi ikikua, kuna NetBox na phpIPAM, programu huria za kazi hiyohiyo. Kila mstari uwe na anwani, MAC, jina la kifaa, chumba, swichi na poti, mwenye dhamana, na tarehe ya kuhakikiwa mara ya mwisho. Hiyo tarehe ndiyo watu husahau, na bila hiyo daftari hugeuka hadithi ya mwaka juzi.

Hatua ya 3: Iweke seva mahali pake

Kama bado unatumia ISC DHCP, ile iliyozoeleka kwenye Linux kwa miaka mingi, fahamu kwamba waundaji wake walitangaza mwisho wake mwaka 2022. Mrithi wake ni Kea, kutoka kwa shirika lilelile. Panga kuhamia huko.

Ukitumia Windows Server, epuka kuweka DHCP juu ya mashine ileile inayosimamia Active Directory (mfumo wa Windows wa akaunti za watumiaji na kompyuta). Huduma hizo mbili zikikaa pamoja, DHCP huweza kuandika rekodi za DNS kwa mamlaka makubwa kuliko inayostahili, na mtu akipata njia ya kuidanganya anaweza kugeuza majina ya mashine nyingine. Tengeneza akaunti maalumu yenye mamlaka madogo kwa ajili ya kuandika DNS, uiwekee DHCP. Kundi la DHCP Administrators nalo lipunguze. Wanaohitaji kutazama tu waingie kwenye DHCP Users.

Seva iwe kwenye VLAN ya usimamizi, na ruta iwe tarishi: ipokee wito kutoka kila VLAN iupeleke kwa seva. Kwenye Cisco ni mstari mmoja kwa kila VLAN:

interface Vlan10
 ip helper-address 10.20.99.10

Weka seva mbili, na ziwe zinajuana. Windows ina utaratibu wa failover (moja ikifa nyingine hushika kazi) tangu toleo la 2012, na Kea inao wake. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni seva mbili zenye fungu lilelile lakini hazizungumzi. Watu wawili watapewa anwani moja siku moja, na utahangaika sana kujua kwa nini. Kama huwezi kuziunganisha, zigawie fungu vipande viwili visivyoingiliana.

Kuhusu unachogawa, toa kinachohitajika tu: lango, DNS, saa ya mtandao, na kwa VLAN ya simu, anwani ya seva ya simu.

Hatua ya 4: Pima muda wa kuazima

Windows huja na siku 8. Kwa kompyuta za mezani si vibaya. Kwa wageni ni maafa, na hesabu yake ni nyepesi. Fungu la /23 lina anwani 510. Wageni wapya 150 kwa siku, kila mmoja akishika anwani siku 8, unahitaji 1,200. Siku ya nne wageni wanaanza kukosa. Wape masaa 2, na hata siku yenye watu wengi fungu litatosha.

Simu za siku hizi zimeongeza uzito. Kuanzia Android 10 na iOS 14, simu huonyesha MAC ya kubuni badala ya ile ya kiwandani, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuhesabika zaidi ya mara moja. Utazijua kwa herufi ya pili ya MAC: ikiwa ni 2, 6, A au E, hiyo si ya kiwandani. Kwenye Wi-Fi ya wageni waache hivyo, ni haki yao kulinda faragha. Kwenye kompyuta na simu za kazi, zima mtindo huo kwa mtandao wa ofisi, ili daftari lako lilingane na hali halisi.

Muda ninaotumia: wafanyakazi masaa 8 hadi siku moja, simu za mezani na printa siku 8, wageni masaa 2.

Hatua ya 5: Iambie swichi nani ana haki ya kujibu

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote. Kwa kuwa kompyuta haiwezi kumtambua mgawaji wa kweli, swichi ndiyo ifanye kazi hiyo. Uwezo huo huitwa DHCP Snooping, na swichi nyingi za ofisini zinazosimamiwa (zile zinazokubali kuandikiwa maagizo) zinao, hata zile za bei ya kati. Kanuni yake ni kwamba poti zote hazina haki ya kutoa jibu la DHCP, isipokuwa zile ulizozitaja. Jibu likitokea chini ya meza ya mapokezi, swichi inalitupa kabla halijamfikia mtu.

Kwenye Cisco:

ip dhcp snooping
ip dhcp snooping vlan 10,20,30,40,50
interface GigabitEthernet1/0/48
 description Kuelekea swichi kuu
 ip dhcp snooping trust
interface range GigabitEthernet1/0/1-40
 ip dhcp snooping limit rate 15

Poti inayoaminiwa ni ile inayoelekea kwa seva au swichi kuu, basi. Poti ya mezani kwa mtu haiaminiwi hata kama mtu huyo ni mkurugenzi.

Kuna mtego mmoja ambao umewaangusha wengi siku ya kwanza. Swichi za Cisco zikiwashwa DHCP Snooping huanza pia kubandika kwenye kila ombi maelezo ya swichi na poti lilikotoka, yale yaitwayo Option 82. Ruta au swichi inayofuata ikiona ombi lenye maelezo hayo bila anwani ya tarishi, huweza kulitupa kwa kulishuku. Matokeo yake ofisi nzima inakosa anwani, wewe unaizima DHCP Snooping kwa hofu, na hairudi tena milele. Dawa ziko mbili. Ya haraka, kwenye swichi za ghorofani:

no ip dhcp snooping information option

Ya pili ni kuiambia swichi kuu ikubali maelezo hayo kutoka kwa swichi zako. Hii ni bora, kwa kuwa Option 82 itakuambia baadaye kila anwani ilitoka poti gani. Anza na ya kwanza, ukitulia uhamie ya pili.

Tuongee kuhusu ile limit rate 15, yaani maombi 15 kwa sekunde. Ipo kwa ajili ya shambulio jingine, pale mtu anapoendesha programu ya kubuni MAC mpya kila mara na kuomba anwani mpaka fungu liishe. Fungu likiisha, yeye anafungua ugawaji wake. Kumbuka kwamba kuweka kikomo cha idadi ya MAC kwenye poti hakutoshi. Mshambuliaji anaweza kutumia MAC moja kwenye pakiti ya nje na kubuni nyingine ndani ya ombi lenyewe. DHCP Snooping ya Cisco hulinganisha hizo mbili bila kuambiwa, ikiona hazilingani inatupa. Kwenye swichi za kampuni nyingine hakikisha ulinganisho huo umewashwa.

Lakini kikomo hicho usikiweke kwenye poti za vifaa vya kurushia Wi-Fi. Fikiria umeme umekatika na kurudi, jambo ambalo kwetu si geni. Simu na kompyuta 60 zilizokuwa kwenye kifaa kimoja cha Wi-Fi zitaomba anwani kwa pamoja, swichi itadhani ni shambulio na kuifunga poti. Kwa poti hizo weka 100 au zaidi, na ruhusu poti ijifungue yenyewe baada ya dakika tano:

errdisable recovery cause dhcp-rate-limit
errdisable recovery interval 300

Ofisi nyingi kwetu zinatumia MikroTik. Huko ni hivi, ambapo ether1 ndiyo inayoelekea kwa seva:

/interface bridge set bridge1 dhcp-snooping=yes
/interface bridge port set [find interface=ether1] trusted=yes

Kwenye baadhi ya modeli, kuwasha hivi kunahamishia kazi ya swichi kwenye prosesa kuu na kasi inashuka, kwa hiyo pima kabla na baada. Kama swichi zako ni zile zisizosimamiwa kabisa, MikroTik angalau inaweza kukupigia kelele ikisikia mgawaji mwingine. Utaweka MAC ya seva yako halali:

/ip dhcp-server alert add interface=bridge1 valid-server=AA:BB:CC:11:22:33 disabled=no

Hiyo haizuii, inakuambia tu. Nimeona ofisi ndogo zikiishi nayo vizuri mpaka bajeti ya swichi ipatikane.

Hatua ya 6: Wabane wanaojiandikia anwani wenyewe

Kumnyima mtu anwani si kumzuia kuingia. Anayejua atajiandikia 10.20.10.200 kwa mkono na kuendelea. Mbaya zaidi, anaweza kujiandikia 10.20.10.1 na kujifanya lango. Vivyo hivyo, orodha ya MAC zinazoruhusiwa ni ulinzi hafifu. MAC ya printa imeandikwa kwenye kibandiko mgongoni mwake, kila mtu anaisoma, na kuinakili kwenye kompyuta ni kazi ya dakika moja.

Kumbe DHCP Snooping, wakati inafanya kazi yake, inaandika jedwali: anwani hii, MAC hii, poti hii, mpaka saa hii. Jedwali hilo ndilo silaha. Dynamic ARP Inspection hulitumia kukataa anayedai kuwa lango wakati si lango, na IP Source Guard hulitumia kukataa pakiti yoyote kutoka anwani ambayo haikuazimwa kwenye poti ile:

ip arp inspection vlan 10,30,40
interface GigabitEthernet1/0/48
 ip arp inspection trust
interface range GigabitEthernet1/0/1-40
 ip verify source

Usiwashe hivi siku moja na DHCP Snooping. Subiri muda mzima wa kuazima upite ili jedwali lijae, kisha litazame:

show ip dhcp snooping binding

Kifaa kisichoonekana humo kitakatika ukiwasha ukaguzi. Na vifaa gani havitaonekana? Printa na kamera zilizoandikiwa anwani kwa mkono. Ndiyo sababu kwenye hatua ya 2 nilisisitiza zitengewe anwani kwenye seva.

Sasa umeme tena. Jedwali hilo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda ya swichi. Swichi ikizimika, linafutika. Ikiwaka, kompyuta yenye UPS iliyopitia swichi ndogo ya mezani iliyobaki ikiwaka haikuona kebo ikikatika, bado ina anwani yake na haioni sababu ya kuomba nyingine, lakini swichi haimtambui mtu, kwa hiyo inamfungia. Mpaka nusu ya muda wa kuazima ifike, mtu huyo hana mtandao. Mstari huu unalihifadhi jedwali:

ip dhcp snooping database flash:snooping.db

Na saa ya swichi iwe sahihi kupitia NTP, ile saa ya mtandao, maana jedwali lina muda ndani yake. Swichi inayodhani tuko mwaka 1993 itasoma vibaya.

Kwa wenye MikroTik pekee, kuna njia nyepesi: ruta iwafahamu tu wale iliowapa anwani yenyewe.

/ip dhcp-server set dhcp1 add-arp=yes
/interface vlan set vlan10 arp=reply-only

Aliyejiandikia mwenyewe hatapata jibu la ruta. Atawafikia jirani zake kwenye VLAN ileile, lakini hatatoka nje.

Ofisi yenye uwezo iende mbali zaidi na kuweka 802.1X, ambapo kifaa hujitambulisha kwa cheti au akaunti kabla hata ya kuomba anwani. Hiyo ni kazi yake yenyewe na inahitaji mwongozo wake. Nasema tu isikufanye uache hatua ya 5, maana mtu aliyeruhusiwa kuingia ndiye aliyeleta ruta ya nyumbani.

Hatua ya 7: Weka kumbukumbu zitakazojibu swali

Swali litakalokuja siku moja ni hili: "Jumanne tarehe 14 saa tisa na dakika kumi alasiri, nani alikuwa na 10.20.10.57?" Kama huwezi kujibu, uchunguzi umeishia hapo.

Windows huandika kumbukumbu kwenye folda ya C:\Windows\System32\dhcp, faili moja kwa kila siku ya juma, kwa mfano DhcpSrvLog-Tue.log. Soma hapo vizuri: Jumanne ijayo, faili la Jumanne hii linafutwa. Kwa hiyo zihamishie kwenye seva nyingine ya kumbukumbu kila siku. Namba za kuzifuatilia ni 10 kwa azima mpya, 11 kwa kuongezewa muda, 13 kwa anwani iliyokutwa tayari inatumika, na 14 kwa fungu lililoisha. Weka onyo kwa 13 na 14. Namba 14 kwenye VLAN ya wafanyakazi usiku wa manane ni nadra kuwa ajali.

Kama swali limetoka nje ya ofisi, wao wataona anwani moja tu ya umma ya ruta yenu. Utahitaji kumbukumbu za NAT (kazi ya kubadili anwani za ndani kuwa ya umma) za ruta na za DHCP kwa pamoja, na saa zao zilingane.

Kumbukumbu hizi zina majina ya vifaa kama "Simu-ya-Asha", na zinaonyesha mtu alifika saa ngapi na aliondoka saa ngapi. Hizo ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019. Amua kwa maandishi mnazihifadhi kwa muda gani na nani anaruhusiwa kuzisoma, kisha wafanyakazi waambiwe. Nimewahi kuombwa na bosi wa kitengo nimpe kumbukumbu hizo ili ajue nani anachelewa kazini. Nilikataa, na utaratibu ulioandikwa ndio ulionipa nguvu ya kukataa.

Hatua ya 8: Usisahau IPv6

Unaweza kudhani ofisi yako haitumii IPv6, toleo jipya la anwani za IP (zile tulizotumia mpaka hapa ni IPv4). Kompyuta zako hazidhani hivyo. Windows huja nayo ikiwa imewashwa, na huipa kipaumbele. Mtu akitangaza ruta ya IPv6 au DHCPv6 kwenye VLAN yako, kompyuta zitamfuata, na DHCP Snooping uliyoiwasha kwa IPv4 haitamwona. Washa RA Guard (huzuia matangazo bandia ya ruta) na DHCPv6 Guard (huzuia wagawaji bandia) kwenye poti zote za mezani, kwa mantiki ileile ya poti inayoaminiwa na isiyoaminiwa.

Na kwa wafanyakazi wanaosafiri: Mei 2024 ulitangazwa udhaifu uitwao TunnelVision, CVE-2024-3661. Mgawaji wa DHCP kwenye Wi-Fi ya hoteli anaweza kutumia Option 121 (sehemu ya jibu la DHCP inayotaja njia za kupitisha data) kuiambia kompyuta ipitishe mizigo yake nje ya VPN, huku alama ya VPN ikiendelea kuonyesha kwamba umeunganishwa. Simu za Android hazikuguswa kwa kuwa hazitumii Option 121. Kwa kompyuta za safari, waambie watumie intaneti ya simu yao wanapofungua mifumo ya ofisi.

Hatua ya 9: Jua kumsaka mgawaji bandia

Siku akitokea, fuata mpangilio huu. Kwenye kompyuta iliyoathirika andika ipconfig /all na usome mstari wa DHCP Server. Tuseme ni 192.168.1.1. Andika ping 192.168.1.1, kisha arp -a, upate MAC yake. Nenda kwenye swichi:

show mac address-table address aabb.cc44.5566

Itakuonyesha poti. Kama poti hiyo inaelekea swichi nyingine, rudia huko mpaka ufike kwenye poti ya mwisho. Funga poti kwa shutdown, kisha ndipo uinuke kwenda kuitazama. Sisi Jumatatu ile tulitembea meza kwa meza karibu masaa matatu kwa sababu hatukulijua hili.

Ukikuta kompyuta ina 169.254.x.x, hilo ni tatizo lingine: haikujibiwa na mtu yeyote ikajipa anwani. Angalia seva, tarishi, au ule mtego wa Option 82.

Hatua ya 10: Jaribu mwenyewe

Chagua Jumamosi, omba ruhusa kwa maandishi, nunua au azima ruta ya nyumbani. Ichomeke kwa tundu la LAN kwenye poti moja ya kila ghorofa, ya mapokezi na ya chumba cha mikutano zikiwemo, maana ndizo wageni hukaa. Kompyuta iliyo kwenye poti ya jirani, VLAN ileile, iamuru iachie anwani na kuomba upya:

ipconfig /release
ipconfig /renew

Ikirudi na 10.20.10.x, nenda kwenye swichi uandike show ip dhcp snooping statistics na uone idadi ya pakiti zilizotupwa imepanda. Iandike kwenye daftari pamoja na poti na tarehe. Ikirudi na 192.168.1.x, poti uliyochomeka ruta haijalindwa au imewekewa trust kimakosa. Irekebishe hapohapo, jaribu tena, kisha hamia poti inayofuata. Rudia zoezi hili kila miezi mitatu, na kila swichi mpya inapofungwa.